Tafakari ya wiki: Watoto wakiuliza, n'nini maana ya mawe haya?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii liko Yoshua sura ya 4, ila mimi limenikuta barabarani kwahiyo nivumilieni nianzie kwenye gari.

Jumamosi asubuhi tulitoka Mwanza kwenda Sengerema kwa bibi yao watoto, mimi na baba watoto mbele, wawili nyuma, mkubwa yuko kidato cha pili na mdogo darasa la tatu. Tukapita Buhongwa, Usagara tukakata kulia, tukafika Kigongo. Kwa msiopajua, hapo ndo lilipo Daraja la Magufuli, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria mpaka ng'ambo Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na kabla ya hapo sisi wa ng'ambo wote maisha yetu yalikuwa pantoni, yaani kile kivuko cha kubeba watu na magari. Unafika, unapanga foleni, abiria wanashuka, mahindi ya kuchoma hapa, karanga pale, na unaweza ukakaa masaa mawili matatu unaangalia maji tu.

Tulivyopanda daraja nikaanza kuangalia chini ziwani na moyo ukaanza kunienda mbio, nikageuka nyuma nimwonyeshe mkubwa. Ana hedifoni masikioni anaangalia mpira kwenye simu. Nikamgusa goti, akatoa sikio moja, akaangalia nje akasema "kwani tumeshavuka?" Ilikuwa imepita dakika 4 au 5 tu. Akarudisha hedifoni yake.

Wapendwa, huyu mtoto ndo alitulaza Busisi.

Ilikuwa 2012, ana miezi 9. Homa ilianza mchana kama mchezo, jioni degedege ikamshika, hospitali wakampa huduma ya kwanza wakatuandikia rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya rufaa kule Mwanza, kwasababu damu ilikuwa imeshuka sana. Tukakodi gari, tumefika Busisi usiku tukakuta pantoni limeshalala upande wa Kigongo. Taa zake tunaziona kabisa. Unaona taa, ukiangalia nyuma ya zile taa unajua Bugando iko huko huko, na mtoto mkononi amelegea kama kitambaa.

Pale gatini kulikuwa na mama mmoja anauza sangara wa kukaanga, alikuwa ameshafunika beseni lake na salfeti anajiandaa kuondoka. Akanitazama akasema "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "nipe huyo mtoto." Sikumjua, lakini nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimpa. Akakaa juu ya ndoo yake aliyoigeuza, akamlaza mapajani, akawa anachovya kona ya khanga kwenye maji anamkanda kichwa, anamkanda kifua, anarudia, na huku anaomba kwa Kisukuma sauti ya chini kabisa kama mtu anayeongea na jirani yake. Khanga ilikuwa inanuka samaki na moshi wa kuni. Mpaka leo nikiipata ile harufu sokoni Kirumba huwa nasimama kidogo. Hakuondoka yule mama. Alikaa hivyo hivyo mpaka kunakucha.

Nyuma yetu kulikuwa na gari nyingine, mama mjamzito, nao wana rufaa. Kabla ya alfajiri tukasikia kilio. Ile gari ikageuza ikarudi ilikotoka.

Kulipoanza kupambazuka pantoni likaja, tukavuka, Bugando akaongezewa damu, siku ya tatu akatafuta ziwa mwenyewe akanyonya.

Sasa nirudi kwenye neno. Israeli wanavuka Yordani wakati wa mavuno, mto umejaa mpaka kingo zote, Mungu anayasimamisha maji wanapita pakavu, halafu Yoshua anaagizwa wachaguliwe watu 12, kila kabila mmoja, kila mmoja abebe jiwe begani. Nimelisoma hili tangu Sunday school lakini wiki hii ndo nimeona mawe yanatoka wapi. Hawakuokota ufukweni walipofika salama. Waliambiwa wakayatoe katikati ya mto, pale pale miguu ya makuhani iliposimama, yaani pale ambapo maji yakirudi hakuna anayepona. Na mstari wa 18 unasema makuhani walipotoka tu maji yakarudi mahali pake yakajaa kama kwanza. Kwahiyo mtoto aliyezaliwa baadaye anaona mto kama mito mingine, na kule Gilgali walikoyasimamisha, lundo la mawe. Hakuna alama nyingine yoyote. Ndo maana Mungu akasema watoto watauliza, "n'nini maana ya mawe haya?", nanyi mtawaambia.

Jiwe lenyewe halisemi. Lazima awepo mtu aliyevuka, na awe tayari kuongea. Kilichoniumiza ni kwamba ukifungua Waamuzi sura ya 2 mstari wa 10 mawe yapo na kimeshainuka kizazi kisichomjua Bwana wala kazi aliyoifanya kwa Israeli. Sasa nani hakujibu? Au watoto waliuliza wakaambiwa nyamazeni watu wazima wanaongea?

Mimi huyu wangu aliniuliza. Ana kama miaka 6, ana kovu dogo kwenye mguu pale walipomtafuta mshipa wakahangaika sana, akaniuliza "mama hapa nilifanyaje?" Nikamwambia ulichomwa sindano, kaoge utachelewa. Basi. Na huo ushuhuda nimeusimulia kanisani si chini ya mara 4, kwa maiki, watu wamelia, watu wamesema amina, na mwenye mguu wake hajui. Jamani tunafanya nini? Kanisani tunapanga mstari kushuhudia, tukifika nyumbani tunawasha tivii.

Na kuna kitu kingine lazima tuongee ukweli. Sisi wazazi tunapowaambia watoto tulikotoka mara nyingi tunawasimanga. "Wenzenu tulikuwa tunatembea peku, nyie mnaletewa gari la shule mnalalamika!" Mtoto akisikia hivyo anajifunza kwamba mama alikuwa shujaa na yeye ni mzigo. Angalia jibu walilopewa Israeli kumpa mtoto, mstari wa 22 na 23, Bwana Mungu wenu ndiye aliyeyakausha maji mbele yenu. Hakuna sifa ya miguu yetu mle. Na kwenye Kumbukumbu la Torati 6 Mungu anawaambia mtapewa miji msiyoijenga na visima msivyovichimba, mtakula mtashiba, angalieni msimsahau Bwana. Hakuwalaumu kwa kupewa visima. Kwahiyo mimi sina ugomvi na daraja, namshukuru Mungu kwa ajili yake kila nikilipita, wagonjwa wangapi saivi wanafika, na sitaki mwanangu alale Busisi ili ajifunze kuomba. Nataka ajue tu kwamba aliwahi kubebwa.

Basi tulivyoshuka daraja nikamwomba baba watoto aegeshe pembeni. Nikamwambia mwanangu toa hedifoni zote mbili. Nikamsimulia. Nilitaka kuruka ile gari ya nyuma yetu, nimefika pale nikajikuta nimeisema.

Alikaa kimya, anakunakuna lile kovu bila kujua. Halafu akauliza, "Mama, na huyo mwingine je? Yeye hawakumuombea?"

Wapendwa, nimeokoka miaka mingi, nafundisha akina mama Jumatano, na sikuwa na jibu. Nikamwambia waliomba mwanangu, niliwasikia, walikuwa wanaomba kuliko hata sisi. Akasema "sasa?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia najua Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, na najua siku hizi zote sijawahi kupita Busisi bila kuwataja wale watu mbele za Mungu, ila kwanini wewe uko hapa kwenye gari na yeye hayupo, hilo sijui, na sitakudanganya. Baba yake akashika usukani tu hasemi kitu. Nilikuwa naogopa kwamba nimeiharibu imani ya mtoto. Lakini aliniangalia kwa namna ambayo hajaniangalia muda mrefu, kama vile ndo kwanza nimeongea naye kitu cha kweli.

Usiku kwa bibi nikawasikia chumbani anamhadithia mdogo wake. Ameshaongeza chumvi, mawimbi makubwa, mara kuna viboko, lakini yule mama wa samaki alimsimulia sawasawa, ndoo, khanga, kuomba kwa sauti ya chini. Mdogo akauliza "anaitwa nani?" Kimya. Akanipigia kelele kutoka kule, "Mama, yule mama anaitwa nani?"

Sikuwahi kumuuliza jina. Aliniita mayu na mimi nikamuita mayu, kulivyokucha tukakimbilia pantoni.

Jumapili jioni wakati tunarudi mkubwa mwenyewe ndo alisema tusimame Busisi kwa chini, kule gatini. Pamenyamaza, zile foleni hazipo, wauza samaki niliowazoea hawapo, maji yanapiga piga tu pale kwenye zege na daraja liko juu huko magari yanapita. Akashuka, akaenda mpaka karibu na maji, akauliza "ni hapa?" Nikamwambia ni hapa, pale kwenye huo ukingo ndo alikuwa amekaa. Akasimama muda. Kisha akageuka akamwita mdogo wake, "Njoo nikuonyeshe."