Kabla ya Kijiko cha Kwanza

Jana binti wa mdogo wangu alinipigia simu kutoka Wete. Mwanawe ameandikiwa dawa ya kuua bakteria kwa ajili ya sikio, naye akaniuliza: "Mama mkubwa, nimpe kitu gani ili tumbo lisimharibike?" Nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu, kwa sababu mawazo yalikwishanipeleka Chake Chake, msimu wa karafuu, mwanangu wa pili alipougua maradhi hayo hayo.

Kaka yake alikuwa amewahi kupewa amoksilini yenye klavulaneti, akaharisha hadi ngozi ikachubuka. Dawa hiyo huponya, lakini huua bakteria wa maradhi pamoja na wale wanaoishi utumboni kwa faida yetu, na ni miongoni mwa zinazosumbua zaidi matumbo ya watoto. Kwa hiyo safari hii, baada ya kuzungumza na daktari, nilirudi nyumbani na chupa ya dawa na vipakiti vya unga wa Saccharomyces boulardii. Muuza dawa alinieleza kwamba ni aina ya hamira, na kwamba dawa inayoua bakteria haiidhuru hamira. Baadaye nilisoma kwamba Mfaransa Henri Boulard aliipata Indochina katika miaka ya 1920, alipoona wenyeji wakinywa maji ya maganda ya matunda, yakiwamo ya laichi, ambayo ni jamaa wa shokishoki letu, ili kujitibu wakati wa kipindupindu.

Ilikuwa baada ya sala ya Isha. Majamvi ya karafuu yalikuwa yameingizwa ndani kwa hofu ya mvua, na harufu yake ilikuwa kali hata ikafunika ile ya dawa. Mama yangu alikaa mkekani na bakuli la uji wa mchele mapajani, akiukoroga taratibu upoe, kwani tulionywa kwamba joto kali huiua hamira. Kila mara alidondosha tone mgongoni mwa mkono wake, akatikisa kichwa, akaendelea kukoroga. Aliporidhika nilimimina ule unga, nao ukazama polepole. Mwanangu aliinama juu ya bakuli, mkono mmoja sikioni, akauliza: "Bibi, hawa wadudu watanitembea tumboni?" Mama akamwambia: "Watakulinda, mume wangu. Sema Bismillahi." Akaisema, akala uji wote huku akitutazama kwa zamu.

Dozi ikaisha, sikio likakauka, na tumbo halikusumbuka hata siku moja. Mama alimshukuru Mungu, nami nikamshukuru Mungu na ule unga.

Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 33 na watoto zaidi ya 6,300, yalionyesha kwamba waliopewa vijidudu vya manufaa vya namna hii pamoja na dawa waliharisha 8 katika kila 100, na wasiopewa walikuwa 19. Tofauti hiyo ni kubwa, nami naithamini. Lakini kati ya wasiopewa, 81 hawakuharisha, na huenda mwanangu alikuwa mmoja wa watoto wa namna hiyo.

Nilimwambia binti yangu amuulize daktari kwanza, kwa kuwa mtoto mgonjwa mahututi au mwenye kinga dhaifu anaweza kudhurika hamira ikiingia kwenye damu. Mtindi ampe, ni chakula chema, ila asiuhesabu kuwa kinga: tafiti zilipima dozi, na manufaa yalionekana zaidi kuanzia vijidudu bilioni 5 kwa siku, idadi ambayo hakuna anayeijua katika bakuli la mtindi wa nyumbani. Akiharisha, asikatize dozi bila ya ushauri. Ampe maji ya chumvichumvi ya paketi (ORS) na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi 6. Akiona damu kwenye choo, aende hospitali mara moja.

Akaniuliza kama mimi, ningekuwa na mtoto mdogo leo, ningenunua tena vile vipakiti. Nilimjibu kwamba ningenunua, iwapo bei yake haigusi fedha ya chakula cha mtoto.