Sinthesaiza za analogi: bei inalipia nini hasa

Mwaka 2022 kampuni ya Moog waliitoa upya Minimoog Model D, sinthesaiza (chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme), kwa dola 4,999. Behringer Model D, ya kampuni nyingine lakini iliyofuata saketi ileile ya mwaka 1970, iliingia sokoni kwa karibu dola 300. Zote zina osileta tatu (sehemu zinazozalisha mawimbi ya sauti), zote zina filta ya ngazi ya transista, inayopunguza sauti za juu kwa desibeli 24 kwa kila oktava. Ziweke ndani ya wimbo wenye ngoma, gitaa na waimbaji, na sidhani kama msikilizaji atajua ipi ni ipi. Zile dola 4,700 za juu zinalipia kinanda cha vibonyezo 44, boksi la mbao na nobu kubwa zilizopangwa kwa nafasi. Kwa anayepiga jukwaani, hayo yana thamani ya kweli. Kwa anayerekodi nyumbani, sioni sababu.

Ila dola 300 si gharama yote. Ile Behringer haina kinanda, kwa hiyo ongeza bei ya kinanda cha MIDI (njia ya kidijitali ya vyombo kupeana amri za noti). Haina kumbukumbu pia: sauti uliyoitengeneza jana unaipata tena kwa kupiga picha nobu zote na kuzirudisha moja moja. Nobu zenyewe zimebanana. Na ndani yake vipuri ni vile vidogo vilivyobandikwa juu ya bodi, hivyo fundi mwenye pasi ya kawaida ya kulehemu atapata taabu kubadilisha hata transista moja.

Jambo moja huwashtua wanunuzi wapya wa filta hii ya ngazi: ukipandisha rezonansi (mkazo wa sauti pale filta inapokatia), besi inakonda. Hiyo si hitilafu. Sehemu ya sauti inayotoka kwenye filta hurudishwa mwanzoni ikiwa imegeuzwa, na inapokutana na mawimbi ya chini huyapunguza. Dawa ya tangu zamani ni kuchukua waya kutoka jeki ya kutolea sauti na kuurudisha kwenye jeki ya sauti ya nje. Anza na nobu ya sauti ya nje ikiwa sifuri, kisha ipandishe taratibu. Besi inanenepa, halafu inaanza kukwaruza. Simama kabla hujafika hapo, au endelea kama ndiyo ladha unayoitaka.

Kipimo cha kwanza cha ubora, kwangu, ni kushika tuni. Kwenye osileta zinazoongozwa na volti kama za Model D, oktava moja ni volti moja, kwa hiyo nusu toni ni takribani milivolti 83. Kosa la milivolti 8 tu linakuhamisha karibu senti 10 (nusu toni ni senti 100), na sikio linalisikia. Transista zinazofanya hesabu hiyo hubadilika na joto. Washa chombo, kiache dakika 20 hadi 30, ndipo utuni. Halafu piga C ya chini, iweke sawasawa kwa tuna (kifaa cha kupimia tuni), na upande oktava tatu. Noti zote zikihama kwa kiasi kilekile, zungusha nobu ya tuni na umemaliza. Kosa likizidi kukua kadiri unavyopanda, uwiano wa volti kwa oktava umepotea, na hapo kuna skrubu ya ndani ya kurekebisha. Kamwe usiiguse kabla chombo hakijapata joto.

Ndiyo maana kwa mnunuzi wa mara ya kwanza napendekeza Korg Minilogue. Ilitoka 2016 kwa dola 500 hivi: noti nne kwa mpigo, osileta mbili kwa kila noti, nafasi 200 za kuhifadhi sauti, na inajituni yenyewe. Filta yake haina unene wa Moog, na vibonyezo vyake 37 ni vyembamba kwa mpiga piano. Lakini unapata akodi, na Model D haiwezi kukupa akodi.

Korg MS-20 mini, ya mwaka 2013, ina filta mbili zinazofuatana, na zikisukumwa zinapiga kelele kwa namna ambayo hakuna nyingine hapa inaifikia. Kabla hujaiunga kwa waya na Model D, jua kwamba hazielewani. MS-20 inahitaji volti iongezeke maradufu kila oktava (1, 2, 4, 8), na amri yake ya kuanza noti ni kuunganisha waya na ardhi ya saketi. Ukiunga moja kwa moja, noti zitatoka ovyo bila kitu kuharibika. Tumia MIDI.

Roland Juno-106 ya 1984 ndiyo ninayoiogopa kwa bei ya sasa, ambayo mara nyingi hupita dola 1,500. Tuni haihami, kwa sababu osileta zake zinaongozwa na saa ya kidijitali, na korasi yake (athari inayonenepesha sauti) ni tamu mno. Tatizo ni chipu sita za 80017A, moja kwa kila noti, zilizofunikwa utomvu mgumu unaoziua kadiri miaka inavyopita. Kabla ya kulipa, bonyeza KEY TRANSPOSE na uendelee kuishikilia huku ukiwasha. Piga kibonyezo kimoja mara nyingi, taratibu. Skrini itaonyesha namba ya sauti inayolia. Sauti ya namba fulani ikikwaruza, ikififia au ikikataa kunyamaza, chipu yake imekwisha. Kuiloweka kwenye asetoni ili kuondoa utomvu huokoa baadhi, si zote. Chipu mpya za kuiga zinapatikana, na nikiwa na bodi wazi ningebadilisha zote sita kwa pamoja.

Ukiiagiza Japani, soma kibandiko cha nyuma: itakuwa ya volti 100. Soketi za Dar es Salaam au Nairobi zinatoa 230 hadi 240. Nunua transfoma ya kushusha umeme hadi 100, wati 100 zinatosha, kabla mzigo haujafika.