Kutoka Tanga hadi Zigi, Kutazama Ua Lililopinda

Basi liliondoka Tanga mjini alfajiri, na kabla hatujafika Muheza nilikuwa nimekwisha kuona sehemu ya nilichokifuata milimani, yaani jinsi maua yanavyoepuka kujichavusha. Kando ya barabara, katika shamba la mkonge lililoachwa bila kukatwa, milingoti ilikuwa imechanua. Ua la mkonge hutangulia kumwaga chavua, na stigma, yaani sehemu ya kike inayoipokea, huwa tayari chavua hiyo ikiwa imekwisha, hivi kwamba ua haliwahi kujichavusha.

Mama aliyeketi kando yangu alinionyesha mipapai dume iliyoning'iniza maua yake kwenye vikonyo virefu. Alilalamika kwamba wanawe huikata yote kwa kuwa haizai, kisha hushangaa mipapai jike inapokosa matunda. "Nawaambia kila mwaka, mwachieni japo baba mmoja," alisema.

Niliteremka Zigi, kwenye lango la Hifadhi ya Asili ya Amani, nikamwamkia mzee atakayeniongoza. Alinipeleka moja kwa moja hadi kwenye mwamba wenye kuvu la kijani na unyevu, akaniambia niiname. Hapo ilikuwapo violeti ya Afrika, mmea ambao Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliupeleka mbegu zake kwao baada ya kuukuta Usambara mwaka 1892, na ambao mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia, ingawa Wasambaa hawakungoja jina hilo ili waujue.

"Tazama kijiti hicho, mwanangu," mzee alisema. "Hapa kimelala kushoto, pale kulia."

Kijiti hicho hubeba stigma, nacho hujitenga na stameni, yaani sehemu za kiume zenye chavua, mbili za manjano zilizo katikati ya ua. Nyuki akichukua chavua katika ua lililopinda upande mmoja, inaaminika kwamba huifikisha kwa urahisi zaidi katika ua lililopinda upande wa pili kuliko katika lile alilotoka.

Mpango huo, kwa maoni yangu, una mwanya. Nilihesabu maua saba, manne yamepinda kulia na matatu kushoto, na nilipoyafuata kwa kidole hadi chini, yote yalitoka kwenye shina moja, hivi kwamba nyuki angeweza kuuchavusha mmea kwa chavua yake wenyewe. Nilipomwonyesha mzee, alicheka, akaelekeza mkono ng'ambo ya kijito, kwenye mwamba mwingine uliojaa maua, ambako nyuki alikuwa ameshatangulia.