Kifaru Kinachopiga kwa Kujificha

Kifaru cha vita tulikipa jina la mnyama anayeinamisha kichwa na kumkimbilia adui wake moja kwa moja, na kazi yake ya asili ni hiyohiyo, yaani kuvunja ngome na kuwafungulia njia askari wa miguu. Katika vita vya Ukraine, hata hivyo, vifaru kadhaa vilivyotoka nchi za nje vimeishia kufanya kazi ya mizinga, vikifichwa nyuma ya safu za miti na kumpiga adui ambaye wafyatuaji wa vifaru hivyo hawamwoni kabisa.

Mfano unaonivutia zaidi ni gari la kivita AMX-10 RC, ambayo Ufaransa iliiahidi Ukraine mwezi Januari 2023. Magazeti yaliiita kifaru chepesi, jina ambalo sikulikubali, kwa kuwa hutembea kwa magurudumu sita na deraya yake ni ya alumini. Ilibuniwa kwa ajili ya upelelezi, ifike, ipige, iondoke. Ilipopelekwa kwenye mashambulizi ya kusini mwaka huohuo, maofisa wa Ukraine wenyewe walilalamika kwamba hata vipande vya makombora yaliyolipuka kando yake viliipenya, na tangu hapo ikaonekana inafaa zaidi kupiga kutoka mbali kwa mzinga wake wa milimita 105.

Leopard 1, kifaru cha Ujerumani kilichobuniwa zama ambazo wasanifu waliamini kuwa mwendo kasi ni kinga bora kuliko chuma kinene, nacho kimetumika hivyo. Mfyatuaji huinua mtutu kwa pembe aliyopewa. Droni iliyo juu huona kombora limeangukia wapi. Kamanda hutaja marekebisho, na mtutu husogezwa kidogo tu kabla ya kupiga tena. Droni hizohizo ndizo zilizofanya kukaa wazi karibu na adui kuwe hatari, kiasi kwamba mwezi Aprili 2024 hata vifaru vya Abrams vya Marekani viliondolewa kwa muda mstari wa mbele.

Kombora la kifaru cha namna hii hubeba baruti kidogo kuliko la mzinga wa milimita 155, na mtutu wake huchakaa kwa kupiga mfululizo. Lakini mwanzoni mwa 2024, msaada wa Marekani ulipokwama bungeni na makombora ya milimita 155 yakawa ya kuhesabiwa, kamanda aliyekuwa na Leopard 1 na shehena ya makombora yake hakuwa na sababu ya kuiacha ilale.