Tazama, sikiliza, sindikiza: mbalamwezi ya nne Kibirizi

Mafunzo yetu yanafuata mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa sababu wanafuata taa, na mbalamwezi ikishatoka taa zinakosa nguvu, mwalo wa Kibirizi, pale wavuvi wa Kigoma wanaposhushia samaki, unapumzika siku kadhaa. Mimi kwa kutofikiri nilipanga darasa la kwanza Jumamosi asubuhi. Walikuja wanne, na wawili walisinzia palepale kwenye jamvi, maana walikuwa wametoka ziwani alfajiri. Tangu hapo nauliza mwezi kwanza, ndipo napanga siku. Hii ni mbalamwezi ya nne, na tumefika watu 19: wavuvi, akina mama waanika dagaa, bodaboda watatu na kinyozi mmoja.

Kwa anayeanzia hapa: najaribu kujenga mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza ya afya ya akili kwa watu wa mwaloni. Sikusudii kumgeuza mtu daktari. Nataka yule aliye karibu ajue la kufanya kabla mgonjwa hajamfikia mtaalamu, kama tunavyojua kufunga jeraha linalovuja damu. Mafunzo ya namna hii yalianza Australia mwaka 2000, yakianzishwa na Betty Kitchener na mumewe Anthony Jorm. Mimi niliingilia mlango mwingine. Nilipokuwa mkalimani kambini Nyarugusu, kule Kasulu, tulifundishwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 wa kumsaidia mtu aliyepatwa na janga. Una hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Nimechukua mifupa hiyo, nikaongeza ya wale wa Australia kuhusu mtu anayefikiria kujiua.

Kilichonisukuma ni mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ziwa lilistahili kupumzika, sibishani na hilo. Ila niliona wanaume wazima wakishinda mchangani wamejiinamia, mikopo inadaiwa, na kila anayepita anawaambia neno lilelile: jikaze. Nami nililisema, tena zaidi ya mara moja.

Sasa ya mwezi huu.

Neno la kwanza kutukwamisha lilikuwa "unganisha". Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza kama tunaunganisha umeme. Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa na uzito: mtu mwenye maumivu anaunganishwaje? Mama mmoja muanika dagaa ndiye aliyelitatua. Alisema, "Si ni kumsindikiza tu? Mgeni akiondoka humwonyeshi njia kwa kidole ukiwa umekaa. Unanyanyuka, unatembea naye." Nikafuta neno la zamani ubaoni hapohapo. Tukabadilisha na "angalia" kuwa "tazama", na sasa wote wanazikumbuka hatua tatu bila karatasi. Zile nakala 40 nilizochapisha kwa Kiswahili cha ofisini, zenye "changamoto za kisaikolojia" kila mstari, hazina kazi tena. Huku watu wanasema "ana mawazo", "kichwa kimejaa", "moyo hautulii". Neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nimelibakiza, kwa sababu watalisikia hospitalini na sitaki liwatishe wakifika.

Zoezi gumu kuliko yote ni la kusikiliza. Wawili wawili, mmoja anaeleza jambo linalomsumbua kwa dakika tatu, mwenzake hatoi ushauri. Mara ya kwanza hakuna aliyemaliza hata dakika moja. "Mwachie Mungu." "Hata mimi yalinikuta." "Wewe mwanaume bwana." Yanatoka kwa upendo, naamini hivyo kabisa, lakini yanafunga mazungumzo. Juzi nilimtazama mzee mmoja mvuvi akijizuia. Alikuwa ameshika kipande cha wavu, kila neno la ushauri likimfika mdomoni anakaza fundo moja. Dakika tatu zilipokwisha, kijana aliyekuwa akieleza alikuwa analia, na mzee alikuwa bado hajasema kitu. Alimsogezea kikombe cha maji, basi.

Halafu likaja swali lenyewe. Ukiona dalili, uliza wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kumuuliza mtu hivyo hakumpandikizii wazo, mara nyingi kunampa nafasi ya kusema alichokibeba peke yake. Nililieleza hilo mara mbili na bado hakuna aliyeweza kulitamka. Walizunguka: "Unafikiria kusafiri?" "Kuna mabaya unawaza?" Yule mama muanika dagaa, magamba yakiwa bado yamemganda mikononi, alijaribu mara nne. Ya tano alimshika mwenzake kiganja, akalisema lote, kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza kungoja jibu. Huko kungoja sikuwa nimekufundisha. Nimekuongeza kwenye somo.

Kinyozi aliuliza: akisema ndiyo, je, si nitakuwa nimempeleka polisi? Ni swali la haki, maana Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nilimjibu kwamba kazi yetu ni kutomwacha peke yake, kuondoa karibu naye vitu vinavyoweza kumdhuru, na kumfikisha kwenye matibabu. Mawazo ni maumivu, na anayeumwa hupelekwa hospitali. Lakini niliona hofu ile haikuisha, na natamani sana kifungu hicho kibadilishwe.

Tulilokosea: wiki mbili zilizopita wawili wetu walimsindikiza kijana mpaka kwenye kituo kimoja cha afya. Muuguzi anayehusika hakuwepo, wakaambiwa warudi Alhamisi, mbele ya foleni nzima, kwa sauti ya juu. Kijana hakutaka kurudi. Iliniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia waende bila kupiga simu. Sasa tunapiga kwanza, tunauliza nani yuko zamu, na aliyemsindikiza anabaki hadi mgonjwa aingie ndani. Kijana yule anatembelewa kila jioni na mzee wa wavu. Jumatatu amekubali kwenda Maweni, hospitali ya mkoa, na mzee atakuwa naye.

Gharama ni chai, mihogo na chaki, nazimudu. Mbalamwezi ijayo tunahamia mwalo wa Katonga, na somo la kusikiliza litafundishwa na yule mama. Ameomba saa ihesabiwe na mtu mwingine, yeye anataka kuwatazama nyuso.