Mende hawafuati uchafu peke yake

Nyumba nafagia, vyombo havilali bila kuoshwa, na bado msimu wa mvua ukiingia mende wananitembelea kama wamealikwa. Ilikuwa inaniudhi sana, mpaka nilipoelewa kwamba shida yao kubwa ni maji. Mdudu ana mwili mdogo, hewa kavu humkausha upesi. Mende anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, lakini bila maji hafiki mbali. Kwa hiyo bomba linalovuja chini ya sinki linawavuta kuliko makombo mezani.

Walionishangaza zaidi ni wadudu wa utitiri wanaoishi kwenye magodoro. Hao hawanywi kabisa. Hufyonza unyevu wa hewani. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu, wanakauka na kufa. Na vile vidudu vidogo vyeupe kwenye vitabu vya zamani hula ukungu (wala si wasomaji, jamani). Mbao zilizolowa nazo huwavuta mchwa.

Siku hizi kabla ya kukimbilia dawa ya kupuliza, nakaza bomba, nasogeza kabati mbali na ukuta, na jua likitoka nafungua madirisha yote.