Kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, na gramu mia sita za mama wa Mlowo

Kahawa ya Mbozi ikishaanza kuiva, mtu wa mifumo hana tena ruhusa ya kukosea. Wakulima wanashusha mizigo, karani anapima, na kila mtu anataka stakabadhi yake iliyochapwa papo hapo. Nikaona nihamishe kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu za mfumo, mwishoni mwa Mei, kabla mambo hayajachanganya. Nilijipa wikiendi moja. Kazi ilikuja kuisha Julai.

Sikuhama kwa kupenda vipya. Mfumo wetu wa wakulima ulikuwa umekaa kwenye programu ya kanzidata iitwayo MySQL, toleo la zamani la 5.6, na ulikuwa unafanya kazi. Ila sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu imewafanya wanunuzi wa kahawa waulize kila gunia limetoka shamba lipi, na shamba hilo liko wapi hasa kwenye ramani. Kwa kazi ya ramani, programu nyingine ya kanzidata, PostgreSQL, ikiwa na nyongeza yake ya PostGIS inanifaa zaidi. Basi, nikahama.

Kuhamisha data kwenyewe hakukunisumbua. Kuna programu huria inaitwa pgloader, unaielekeza kanzidata ya zamani na mpya, inabeba majedwali yote na kilichomo. Jumamosi saa nne usiku, chumbani kwangu Soweto hapa Mbeya, nimejifunika blanketi mabegani, nikaona imemaliza bila kulalamika. Nikanywa chai. Nilikuwa nimesahau kwamba pgloader inabeba data tu. Kweri, yaani yale maswali yaliyoandikwa ndani ya mfumo, zinabaki vilevile na lahaja yake ya MySQL. Nilipofungua ukurasa wa kwanza, ulikufa. Wa pili, ukafa. Ripoti ya malipo, nayo chali.

Kwenye kumbukumbu za makosa kulikuwa na sentensi moja inayojirudia: "syntax error at or near", yaani kosa la uandishi hapa au karibu na hapa, kisha neno fulani. Niseme hapa jambo ambalo lingeniokolea saa nyingi. Neno linalotajwa pale ni mahali PostgreSQL iliposhindwa kuendelea kusoma, na mara nyingi kosa lenyewe liko hatua moja nyuma yake. Nilikuwa nakodolea macho neno lililotajwa huku mkosaji ametulia kushoto. Nikaacha kuhangaika na mfumo mzima, nikawa nachukua kweri moja moja na kuibandika kwenye psql, dirisha la kuiandikia PostgreSQL amri moja kwa moja, ambayo inakuchorea kishale kidogo chini ya mstari kuonyesha ilipokwama. Tangu hapo nikaanza kwenda.

Mkosaji wa kwanza alikuwa kile kialama kilichojificha chini ya kitufe cha Esc. MySQL inakitumia kuzungushia majina ya majedwali na safu. PostgreSQL haikijui kabisa, yenyewe inatumia alama za kunukuu maradufu. Nikajiona mjanja, nikaamuru kihariri kibadilishe vyote kwa mkupuo. Kosa likabadilika sura: jedwali "Wakulima" halipo. Lipo wapi tena, na mimi naliona kwa macho? Kumbe pgloader, usipoiambia vinginevyo, inageuza majina yote kuwa ya herufi ndogo. Nami kwa kuzungushia alama za kunukuu nilikuwa naisisitizia PostgreSQL kwamba nataka W kubwa na si nyingine. Dawa ilikuwa kuziondoa alama zote. Jina lisilo na alama linasomwa kama herufi ndogo, na mambo yanakutana.

Alama hizohizo zilikuwa na ubaya wa pili. Kwenye mfumo wa zamani niliandika kata kwa alama maradufu, kama "Vwawa", na MySQL ikaelewa kuwa ni maandishi. PostgreSQL ikanijibu kuwa safu inayoitwa Vwawa haipo. Maandishi yanataka alama moja moja, 'Vwawa'. Ni utovu wa adabu wangu wa miaka mingi, MySQL ilikuwa inanidekeza.

Mengine yalienda haraka, mengi ni amri zilezile kwa majina mengine. LIMIT 20, 10 ikawa LIMIT 10 OFFSET 20. IFNULL ikawa COALESCE, GROUP_CONCAT ikawa string_agg, DATE_FORMAT ikawa to_char na mifumo tofauti ya kuandika tarehe. Safu ya kuonyesha mwanachama yuko hai ilikuwa na moja na sifuri, sasa ni kweli au si kweli, kwa hiyo kuilinganisha na 1 kunakataliwa. Tarehe za kuzaliwa za wazee wasiojua walizaliwa lini tuliziandika sifuri tupu, na PostgreSQL haina mwezi wa sifuri. Pgloader ilikuwa imeshaziacha wazi, nikarekebisha fomu tu.

GROUP BY, amri ya kupanga data kwa makundi, ndiyo iliyonifikirisha. Ripoti yangu ilijumlisha kilo kwa kila chama cha wakulima huku ikionyesha pia namba ya simu ya mtu. PostgreSQL ikagoma: chama kina watu wengi, unataka simu ya nani? Nikakasirika kwanza. Kisha nikacheka, maana MySQL yetu ya zamani ilikuwa inaokota simu yoyote na kuiweka pale, nasi tukiamini ni ya katibu.

Jumatatu ya pili mfumo ulikuwa wima, hakuna ukurasa unaokufa. Nikatangaza kuwa tumehama.

Simu ya kwanza ilitoka Igamba. "Kaka, wakulima wetu wote wamefutwa!" Nikahisi tumbo linaporomoka. Hawakufutwa. Karani alitafuta kwa herufi ndogo, na majina yalisajiliwa kwa herufi kubwa. Kwenye MySQL yetu hilo halikuwa na tofauti. PostgreSQL inaona IGAMBA na igamba ni vitu viwili, na kwa kuwa si kosa haikusema chochote, ilitoa orodha tupu. Nikabadili amri ya kutafuta, LIKE, kuwa ILIKE isiyojali ukubwa wa herufi, yakaisha kwa dakika kumi.

Ya pili haikuisha kwa simu. Katibu wa chama kimoja cha Mlowo alinipigia akaomba niende mwenyewe, kuna mama hataki kusaini. Nikapanda basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye mashine?"

Nikakubali. Akafungua khanga, akatoa daftari la mjukuu lililobaki nusu, na penseli. Alikuwa ameleta kilo 48 za kahawa mbivu. Chama kile kwa malipo ya awali hukadiria kuwa kilo tano za mbivu zinatoa moja ya kahawa iliyomenywa na kukaushwa. Kwenye daftari lake ilikuwa imeandikwa 9.6. Kwenye stakabadhi yangu, 9.

"Mwaka jana mashine yako ilijua nukta," akasema. "Mwaka huu imesahau?"

Pale pale, mbele ya watu, nikaelewa. MySQL ukiiambia igawanye 48 kwa 5 inakupa 9.6. PostgreSQL ikikuta namba nzima inagawiwa kwa namba nzima, inarudisha namba nzima na kutupa kinachobaki. Haikosei, ndiyo kanuni yake. Haina kishale wala haitaji neno. Wiki mbili nilikuwa nachukia makosa yanayopiga kelele, kumbe yale yalikuwa yananisaidia. Hili lilikuwa linamega kila mkulima gramu mia mbili, mia nne, mia sita, na kimya.

Kurekebisha kwenyewe ni herufi mbili: 5 ikawa 5.0. Safu ya kilo nayo nikaigeuza kuwa numeric, aina ya namba inayotunza nukta, ili isitokee tena mahali nisipopajua. Kilichonichukua siku ni kukagua. Bahati nzuri seva ya zamani sikuwa nimeizima. Nikaiingizia mapokezi yote ya wiki zile mbili, nikaendesha kila ripoti pande zote mbili, nikalinganisha matokeo mkulima kwa mkulima. Hapo ndipo nilipokuta kweri mbili zaidi zenye ugonjwa uleule, moja ya makato ya pembejeo, ambako kosa lilikuwa linawapendelea wakulima. Kazi hiyo nilipaswa kuifanya kabla ya kutangaza chochote, badala ya kuhesabu kurasa zisizokufa.

Stakabadhi mpya zikachapwa na tofauti ikalipwa pamoja na malipo ya wiki iliyofuata. Nilirudi Mlowo nikiwa na ya mama mkononi. Akaisoma taratibu, akailinganisha na daftari, akasaini. Kisha akanisukumia penseli, akaniambia niandike jina langu na namba ya simu ukurasa wa nyuma, kwa sababu mzigo wake wa pili angeuleta Alhamisi.